Nani alipanga vitufe hivi? Majibu ya maswali yenu kuhusu menyu za Word na Excel

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba menyu za programu za ofisi hazikuja zenyewe, kuna watu walikaa wakazipanga na kwa hiyo zinaweza kupangwa upya hata na mtumiaji mwenyewe, basi meseji zimemiminika kutoka Mtwara mjini, Masasi, Tandahimba, Nachingwea mpaka Lindi. Nimefurahi sana, maana hili jambo linakula muda wa watu kila siku na halizungumzwi. Siwezi kuzijibu zote, nimechagua zile ambazo majibu yake yatawasaidia na wengine.

Mwanangu, mimi ni katibu muhtasi, kazi hii niliianza na taipureta, nikahamia kompyuta na Word ya 2003 nilikuwa naijua nje ndani. Ofisi wameleta kompyuta mpya, ile File, Edit, View, Insert, Format yote haipo kama ilivyokuwa, juu kuna mapicha mapicha tu. Barua niliyokuwa namaliza kabla ya chai ya saa nne sasa inanifikisha mchana na vijana wananiangalia kama vile sijui kazi. Kwa nini walibadilisha kitu ambacho watu walishakizoea? – Katibu muhtasi, Masasi

Shikamoo mama. Naomba nianze na hilo la vijana: kazi unaijua, kilichohama ni mahali vitu vilipo, na mtu aliyezoea sana mahali pa zamani ndiye anayepata shida zaidi kuliko anayeanza upya, kwa sababu mkono wake unaenda wenyewe kule ulikozoea halafu unakuta hakuna kitu. Hiyo sio dalili ya kutojua.

Sasa kwa nini walibadilisha. Word ya kwanza ya Windows ilitoka 1989 ikiwa na mistari miwili tu ya vitufe. Kila toleo lilipotoka waliongeza mambo, na kila jambo jipya likatafutiwa pa kuchomekwa. Ilipofika Word 97 mistari ya vitufe ilikuwa 18, na hiyo 2003 yako mama ilikuwa nayo 31 pamoja na vibao vya pembeni 19. Wewe hukuiona yote kwa sababu mingi ilikuwa imefichwa na wewe ulikuwa unatumia sehemu yako tu, lakini watu waliokuwa wanatafuta kitu wasichokijua walikuwa wanazunguka humo mpaka wanachoka, na kule Microsoft wakawa wanapokea maombi ya kuongezewa vitu ambavyo tayari vimo ndani.

Katikati hapo walijaribu dawa nyingine ambayo ilikuwa mbaya, kwenye Office 2000 (Office ni furushi lenye Word, Excel na wenzake) wakatengeneza menyu zinazojificha zenyewe, kile usichokitumia mara kwa mara kinafichwa na ukisubiri kidogo au ukibofya mshale wa chini ndio menyu inajifungua yote. Wazo lilikuwa kupunguza msongamano. Matokeo yake ni kwamba menyu ya leo haikuwa sawa na ya jana, na mtu anayefanya kazi kwa kuzoea mahali hawezi kuzoea kitu kinachohama. Mimi naona hilo ni kosa kubwa kuliko hata vitufe kuwa vingi.

Ndipo kwa Office 2007 timu iliyoongozwa na Julie Larson-Green ikaamua kuvunja na kujenga upya, wakaondoa menyu wakaweka ule mkanda mpana wa juu unaoitwa riboni, wenye vichupo, yaani yale majina ya juu unayobofya kubadili kundi la vitufe, Home, Insert na kuendelea. Hawakukisia kwa macho. Walikuwa na hesabu za matumizi kutoka kompyuta ambazo wenyewe walikubali zitume taarifa ya vitufe vinavyobonyezwa. Kwenye Word 2003 amri tano tu, yaani kupesti, kusevu, kukopi, kurudisha nyuma na kukoleza herufi, zilikuwa karibu asilimia 32 ya matumizi yote, na kupesti peke yake ilizidi asilimia 11. Ndio maana ukifungua Home leo kitufe cha Paste ni kikubwa kuliko vyote na kipo mwanzo kabisa kushoto. Ni akili ileile ya mwenye duka, sukari na sabuni haviwekwi nyuma ya magunia.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, na sio mama wa Masasi peke yake. Waliohesabiwa ni wale ambao kompyuta zao zilikuwa na intaneti na wakakubali kutuma. Kompyuta ya ofisi ya kijiji Newala isiyo na bando haikutuma hata mbofyo mmoja. Kwa hiyo mpangilio unaouona kwenye kioo umetokana na kazi za watu wengine, ni mpangilio mzuri kwa wastani wa hao watu, lakini haujui kwamba wewe siku nzima unaandika barua zenye kumbukumbu namba, unaweka namba za aya, unachora jedwali la mahudhurio ya kikao na kuprinti nakala sita. Wao walipanga kwa kuangalia kazi, walikuwa sahihi. Na sisi tupange kwa kuangalia kazi yetu, basi.

Lawama yangu kwao ni kwamba hawakumwachia mtu njia ya kurudi kwenye menyu za zamani, na kwenye hiyo 2007 huwezi kupanga riboni upya ndani ya programu yenyewe, hilo waliliruhusu 2010. Pia ile File waliibadilisha ikawa kitufe cha duara chenye nembo juu kushoto, wengi wakadhani ni pambo, wakakosa hata pa kuprinti. 2010 wakairudisha File kwa jina lake.

Cha kufanya mama. Kwanza, shotikati zako za Ctrl hazijaguswa: Ctrl+S kusevu, Ctrl+P kuprinti, Ctrl+E kuweka katikati, Ctrl+J kunyoosha pande zote mbili, F12 kusevu kwa jina lingine, F7 kukagua tahajia. Pili, angalia kona ya chini kulia ya mafungu mengi ya vitufe pale Home, kuna kamshale kadogo sana. Kabofye pale kwenye fungu la Font au la Paragraph uone, litafunguka dirisha lenye mpangilio unaoufahamu tangu 2003, maana madirisha mengi ya ndani waliyaacha karibu kama yalivyokuwa. Yaani nyumba ya zamani bado ipo, mlango ndio umekuwa mdogo. Tatu, kuna kamstari kafupi ka vitufe juu kabisa, ukibofya kulia kwenye kitufe chochote utaona Add to Quick Access Toolbar, ukiichagua kitufe hicho kinakaa pale juu siku zote hata uwe kwenye kichupo gani. Weka vile vyako tu, vya kuprinti, jedwali, namba za aya, na kile cha kuona karatasi kabla ya kuprinti. Ukishaviweka, bonyeza Alt uachie, utaona namba 1, 2, 3 juu ya vitufe hivyo, kwa hiyo Alt halafu 1 inatosha na wala hushiki mausi. Kwa mtu aliyeanzia taipureta hiyo ndiyo njia yake kabisa, vidole haviondoki kwenye kibodi.

Na mabosi mnaosoma hapa, ofisi ikibadilisha programu wapeni watu muda wa kuipanga kabla hamjaanza kuhesabu barua.

Kaka habari. Mimi karani wa chama cha msingi (ushirika wa wakulima) huku Tandahimba. Msimu wa korosho ukianza naishi kwenye Excel: majina ya wakulima, kilo, daraja, makato. Kinachonichosha ni kurukaruka, mara niende Data nichuje, nirudi Home, niende View nigandishe kichwa cha jedwali, niende Page Layout niweke sawa ya kuprinti, halafu nirudi tena Data. Hakuna namna vikakaa pamoja? – Karani, Tandahimba

Ipo kaka, na wewe ndiye mtu niliyekuwa nakuombea uandike. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kupeleka mazao ghalani akapewa stakabadhi mpaka yauzwe mnadani, ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na tangu hapo kazi ya karani wa chama cha msingi ni karatasi na tarakimu kwa kwenda mbele, mkulima anataka kuona jina lake na kilo zake zimeandikwa sawa kabla ya mnada na baada ya mnada. Kosa la mstari mmoja ni hela ya mtu. Sasa mtu mwenye kazi nzito hivyo kutumia nguvu zake kutafuta kitufe ni hasara ya bure.

Kwenye Excel kuanzia 2010 unaweza kutengeneza kichupo chako. Bofya kulia sehemu yoyote ya riboni, chagua Customize the Ribbon, litakuja dirisha lenye safu mbili. Upande wa kulia bonyeza New Tab, halafu Rename, kiite Korosho. Ndani yake tengeneza mafungu kwa New Group. Upande wa kushoto pale juu chagua All Commands uone amri zote zilizomo, chagua unayotaka, bonyeza Add. Ukimaliza OK.

Ila usianze na kompyuta, anza na karatasi. Chukua siku moja ya kazi nyingi, kila ukifanya kitu andika umefanya nini na kilifuatiwa na nini. Watu wakiulizwa wanatumia nini wanataja vitu wanavyovijua, sio wanavyovitumia, ni tofauti kubwa hiyo. Nikikisia kutokana na maelezo yako fungu la kwanza litakuwa la kuingiza: Freeze Panes ili vichwa vya safu visipotee ukishuka kwenye jina la mkulima wa mia tatu, na Remove Duplicates kwa majina yaliyoingia mara mbili (hii iendeshe kwenye nakala ya faili, sio kwenye faili lenyewe, maana inafuta, na wakulima wawili wenye jina moja wapo, kwa hiyo iambie iangalie namba ya mkulima na sio jina). Fungu la pili la kukagua: Sort, Filter, AutoSum, Subtotal. La tatu la kuprinti: Set Print Area, Print Titles ambayo inarudia vichwa vya jedwali kila ukurasa, na pale kwenye Scale to Fit weka Width iwe ukurasa 1 halafu Height uiache Automatic, orodha itabana upana bila kukata safu ya makato kuipeleka karatasi nyingine, jambo ambalo najua linawatesa wengi siku ya kubandika orodha ukutani.

Unaona nimepanga kwa hatua za kazi, kuingiza, kukagua, kuprinti. Excel yenyewe imepanga kwa aina ya kitu, hesabu kule, data kule, kurasa kule. Mpangilio wao unamsaidia mtu asiyejulikana atafanya nini. Wewe unajulikana utafanya nini, kwa hiyo hatua ndizo zinazokufaa.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, chini ya dirisha hilohilo kuna Import/Export. Ukisharidhika, Export unapata faili dogo, liweke kwenye flashi upeleke kwa karani wa chama kingine, ana-Import na kichupo cha Korosho kinatokea kwake pia. Ila mwambie kwanza kwamba kuingiza faili hilo kunafuta mpangilio aliokuwa ameutengeneza mwenyewe, asije akalia. Vyama vya msingi vya wilaya moja vingekubaliana kichupo kimoja, karani akiugua mwingine anakaa pale na anakuta vitu palepale. Na wakati unasubiri kukitengeneza, shotikati tatu za leo: Ctrl+Shift+L kuwasha na kuzima kichujio, Alt na alama ya = kujumlisha, na Alt, W, F, F kwa mfululizo kugandisha.

Shikamoo fundi, mimi nina steshenari karibu na soko la Chikongola hapa Mtwara. Laptopu yangu ndogo, ule mkanda wa juu unakula kioo halafu karatasi inabaki kijisehemu. Na kuna siku mkanda wote unapotea, na kuna vitufe ambavyo kwa jirani yangu vina maandishi kwangu ni vipicha tu. Mteja anataka picha ya sivii ikatwe, kitufe cha kukata jana nilikiona leo hakipo. Ni virusi? – Mama Steshenari, Mtwara

Marahaba, na hapana, sio virusi. Ni mambo matatu tofauti yamekukuta kwa pamoja.

Riboni inajibana kulingana na upana wa dirisha. Kioo kikiwa kipana kinaonyesha kitufe na jina, kikipungua majina yanaondoka, kikipungua zaidi fungu zima linakuwa kitufe kimoja chenye mshale. Kwa hiyo kwako na kwa jirani ni Word ileile. Laptopu nyingi tunazouziwa huku ni za kioo cha 1366 kwa 768, upana unatosha kiasi lakini kimo ndio kidogo, na riboni inakula kimo. Bonyeza Ctrl+F1 inakunjika, vinabaki vichupo tu, ukibofya kichupo inashuka unachagua inarudi. Ukitaka ibaki wazi bonyeza tena Ctrl+F1. Na hizo siku inazopotea yenyewe ni kwamba umebofya mara mbili juu ya kichupo bila kukusudia, hiyo nayo inakunja.

Kitufe cha kukata picha kipo kwenye kichupo ambacho kinatokea pale tu unapokuwa umebofya picha. Ukibofya nje ya picha kichupo kinaondoka. Jedwali nalo ni hivyohivyo. Nia yao ilikuwa kwamba usione vitufe vya picha wakati huna picha, nakubaliana nayo kabisa, lakini utekelezaji wake una matatizo, mfano kwenye Word 2016 ukiwa ndani ya jedwali unaona vichupo viwili vyote vimeandikwa Layout, kimoja cha ukurasa na kingine cha jedwali. Mteja amesimama, foleni ipo, mtu atajuaje? Kumbuka tu cha jedwali ni cha kulia mwisho.

Kwa steshenari ningekushauri uache riboni imekunjwa na vitufe vyako vya kila siku uviweke kwenye ule mstari mfupi wa juu kama nilivyomwelekeza mama wa Masasi. Ukitaka ukae chini ya riboni karibu na karatasi kuna chaguo hilo ukibofya kulia juu yake.

Mwalimu mwenzenu hapa Nachingwea. Kompyuta zetu za shule nusu zina LibreOffice (programu ya ofisi ya bure) yenye menyu za zamani na nusu zina Word yenye riboni. Notisi nilizorithi zinasema "nenda menyu ya Format, bofya Paragraph". Wanafunzi wakihamia mashine nyingine wamekwama. Nifundishe ipi? – Mwalimu, Nachingwea

Mwalimu, usifundishe yoyote kati ya hizo kama njia. Fundisha vitu vyenyewe. Kwenye programu yoyote ya kuandikia kuna herufi, kuna aya, kuna ukurasa, kuna waraka mzima, na kila amri inagusa kimojawapo. Kukoleza kunagusa herufi. Kunyoosha pande mbili na nafasi ya mistari vinagusa aya. Pembezoni na karatasi ya kulala vinagusa ukurasa. Mwanafunzi akishajua anachotaka kubadilisha ni aya, kwenye menyu za zamani ataikuta ndani ya Format, kwenye riboni ataikuta fungu la Paragraph, na kwenye programu itakayotoka akiwa mtu mzima atajua pa kuulizia. Yule aliyekariri "kitufe cha pili kutoka kushoto" umempa ujuzi unaoisha siku programu ikipata apdeti, na inaniuma kuona mtihani unampa mtoto maksi kwa kukumbuka jina la menyu.

Zoezi ninalolipenda: wape kazi moja, mfano barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, nusu ya darasa wafanye kwenye LibreOffice nusu kwenye Word, halafu wabadilishane mashine wafanye tena ileile, na waandike wenyewe kila kitu walikikuta wapi. Hizo ndizo ziwe notisi zako mpya.

Pia wafundishe kutafuta amri kwa kuiandika, hii ndiyo hatua kubwa iliyokuja baada ya riboni na mimi naiona ni muhimu kuliko riboni yenyewe. Word ya 2016 ilileta kisanduku pale juu unaandika unachotaka kufanya, shotikati yake Alt+Q. LibreOffice kuanzia toleo la 7.2 la mwaka 2021 ina kitu hichohicho, Shift+Esc au kwenye menyu ya Help. Google Docs ni Alt na mkwaju (/). Hapo mtoto haihitaji ramani ya vitufe, anahitaji kujua anachotaka kinaitwaje. Shida inayobaki ni kwamba kinaitwa kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004, kwa hiyo inawezekana na iliwezekana, ningependa sana kuona vijana wa vyuo vyetu wanaishika kazi hiyo tena.

Kama unataka mashine zako zifanane angalau kwa sura, LibreOffice kuanzia 6.2 ya mwaka 2019 ina mpangilio wa vichupo unaofanana na riboni, nenda View, halafu User Interface, chagua Tabbed. Lakini kusema kweli mimi ningeziacha tofauti makusudi.

Bro, nasoma IT na kuna mzee wa duka la pembejeo hapa Lindi ameniomba nimtengenezee programu ya mauzo, salfa, mabomba, mbegu. Nina menyu nyingi sijui nizipange vipi. Nimefikiria kuzificha zote kwenye kile kitufe cha vistari vitatu ionekane safi. – Kijana wa IT, Lindi

Mdogo wangu usizifiche. Safi kwa macho yako ni giza kwa muuzaji. Kilichofichwa kwa mtu asiyekijua ni sawa na hakipo, na kwa anayekijua ni mbofyo wa ziada kila mara. Kile cha vistari vitatu kilipata umaarufu kwenye simu kwa sababu kioo ni kidogo, dukani una kioo cha kompyuta nzima.

Nenda ukakae pale dukani wakati wa msimu wa kupuliza salfa, wakati watu wamejaa, uangalie na uhesabu kwenye daftari. Nadhani utakuta anauza, anauza, anauza, anaandika deni, anauza, anaulizwa bei. Kupokea mzigo ni mara chache na ripoti ni jioni. Basi kuuza kuwe wazi tayari programu ikifunguka, kusiwe menyu. Deni na bei viwe vitufe vikubwa pembeni yake. Mzigo na ripoti vikae mbali kidogo, havitamsumbua.

Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha tangu 1954 kwamba muda wa mkono kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake, kikubwa cha karibu kinafikiwa haraka. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini itumie na kwa upande wa pili, kitufe cha kufuta mauzo kiwe kidogo na kiwe mbali na cha kusevu, na akikibonyeza awe na njia ya kurudisha, sio swali la "una uhakika" ambalo akilizoea atalijibu ndiyo bila kulisoma.

Maneno yatoke mdomoni kwake. Akisema "mzigo umeingia" andika Mzigo ulioingia, usimwekee Usimamizi wa Hesabu ya Bidhaa. Ukishaweka kitu mahali usikihamishe kwa sababu umepata wazo zuri usiku, yaliyotokea kwa menyu za Office 2000 nimeshayasema hapo juu. Na kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu chora vioo vyako kwenye karatasi, mpe mzee kalamu mwambie "mteja anataka mifuko miwili ya salfa analipa nusu", angalia kalamu inaenda wapi kwanza. Ikienda pasipo na kitufe, kitufe ndio kihamie pale. Usimwelekeze, kaa kimya uandike.

Dada yenu Kilwa, kompyuta sina natumia Word kwenye simu, vitufe viko wapi? Naona karatasi tu. – Msomaji, Kilwa

Dada, kwenye simu waliihamishia riboni chini, karibu na dole gumba, uamuzi mzuri sana kwa sababu juu ya kioo dole halifiki ukishika simu kwa mkono mmoja. Bonyeza alama ya kalamu kwanza uingie kwenye kuhariri, halafu kwenye mstari wa vitufe unaotokea juu ya kibodi bonyeza mshale wa kupandisha. Itafunguka sehemu imeandikwa Home, na hiyo Home yenyewe ni kitufe, ukiigusa unapata Insert, Layout na vingine. Kama kibodi inakuzibia, ukipandisha ule mshale kibodi inashuka yenyewe.